Mkimbizi akipewa fedha badala ya gunia, mkulima anapata nini?

MKULIMA wa Buganguzi, wilayani Muleba, hahitaji kufundishwa maana ya kuuza mali kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida. Jina lake analo tayari: butura. Kahawa ingali maua mtini, sare za shule zinadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na mlanguzi amesimama uani na fedha mkononi. Mkulima anapokea sehemu ndogo ya bei atakayoisikia wakati wa mavuno, na kahawa inapoiva si yake tena. Serikali imepiga vita butura kwa miaka mingi, lakini imekuwa ikirudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu shida ya fedha taslimu haingoji msimu.

Mkimbizi aliyeko kambini hufanya jambo hilo hilo kwa gunia la msaada. Amepewa mahindi au unga, maharage au njegere, mafuta ya kula na chumvi. Hakupewa sabuni, kuni, madaftari, nyanya wala ndizi. Basi anachota sehemu ya mgawo wake, anaipeleka pembeni mwa kambi na kuiuza kwa yeyote atakayeitaka, kwa bei yoyote atakayopewa. Mnunuzi anajua kuwa muuzaji hana pa kwenda, na bei anaipanga yeye. Hiyo nayo ni butura, ila kahawa imekuwa mahindi.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni mashirika mengi ya misaada yamegeuka. Badala ya kusafirisha magunia tu, yanawapa wakimbizi na familia zilizohamishwa na vita au maafa fedha taslimu, au vocha, au salio la kwenye simu, ili wanunue wenyewe. Katika mkutano wa dunia wa masuala ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, Uturuki, Mei 2016, wafadhili wakubwa na mashirika walikubaliana kuongeza matumizi ya njia hiyo. Miaka michache baadaye, takribani sehemu moja kwa tano ya misaada ya kibinadamu duniani ilikuwa ikitolewa kwa fedha au vocha.

Mara nyingi jambo hili huzungumzwa kama habari ya mkimbizi na mfadhili peke yao. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye kipato chake kimo ndani ya uamuzi huo, naye ni mkulima na mchuuzi wa eneo linalopokea wakimbizi. Mkoa wa Kagera, uliopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, umekuwa katika nafasi hiyo zaidi ya mara moja.

Hesabu ya gunia

Chukua mfano wa kubuni. Familia ya watu watano inapata mgawo wa mwezi ambao sokoni ungegharimu Sh 100,000. Ili ipate mahitaji mengine, inauza chakula chenye thamani ya Sh 30,000 kwa nusu ya bei, yaani Sh 15,000. Familia imepoteza Sh 15,000 kwa mwezi, sawa na Sh 180,000 kwa mwaka. Kambi yenye familia 1,000 za namna hiyo inapoteza Sh milioni 180 kwa mwaka. Fedha hizo mfadhili alikwisha kuzilipa, mkimbizi hakuzipata, na mkulima wa jirani naye hakuzipata. Zimebaki kwa mlanguzi anayenunua mahindi ya msaada kwa bei rahisi na kuyauza kwingine.

Juu ya hasara hiyo kuna gharama ya safari. Gunia la msaada lina meli, bandari, reli, lori, ghala na walinzi. Mwaka 1994 chakula cha wakimbizi wa Ngara kilipitia Bandari ya Dar es Salaam, kikapanda reli hadi Isaka, wilayani Kahama, kisha kikapakiwa kwenye malori kuelekea kambini. Kila kituo kilikuwa na gharama yake.

Lakini kwa mkulima wa Muleba jambo kubwa zaidi ni hili: ndizi haiingii kwenye gunia la msaada. Mahindi yanaweza kununuliwa ng'ambo, au yakanunuliwa hapa nchini kutoka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), kama ambavyo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) limewahi kufanya. Ununuzi huo ni mzuri, ila humfaidi zaidi mkulima wa mikoa yenye ziada kubwa ya mahindi. Mkungu wa ndizi haukai ghalani miezi mitatu. Hakuna shirika litakaloupakia kwenye behewa. Atakayenunua ndizi ya Kagera ni mtu mwenye njaa na fedha mfukoni, aliye karibu na soko.

Somo la Ngara na Karagwe

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia wilayani Ngara. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Zikafuata Lumasi na nyinginezo wilayani humo, na nyingine wilayani Karagwe. Wakimbizi hao walikaa hadi Desemba 1996, wengi wao waliporudishwa kwao.

Wakati huo msaada ulitolewa kwa magunia. Hata hivyo soko lilikuwapo, kwa sababu watu hawaishi kwa mahindi peke yake. Wakimbizi wengi walikuwa wamezoea ndizi, mihogo na maharage, kwa hiyo walibadilishana mahindi ya mgawo na mazao ya wenyeji. Mafuta ya kula ya msaada nayo yalifika kwenye nyumba za vijiji vya jirani.

Wachumi wameirudia historia hiyo kwa makini, kwa sababu Kagera ilikuwa na bahati isiyo ya kawaida: utafiti mkubwa wa afya na maendeleo ya kaya ulikwisha kuanza mkoani mwaka 1991, kabla ya wakimbizi kuja, na kaya zile zile zikafuatwa tena mwaka 2004 na 2010. Hivyo iliwezekana kulinganisha hali ya kabla na ya baada.

Jennifer Alix-Garcia na David Saah, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waligundua kuwa bei za vyakula visivyokuwamo kwenye msaada zilipanda sana karibu na kambi, wakati bei za vyakula vilivyokuwamo kwenye mgawo hazikupanda kiasi hicho. Kaya za vijijini zilizokuwa karibu na kambi zilionyesha dalili za kuongeza mali. Kaya za mjini, ambazo hununua chakula, ziliumia.

Jean-François Maystadt na Philip Verwimp nao walionyesha kuwa neema haikugawanywa sawa. Mkulima mwenye shamba lake alifaidika, kwani aliuza mazao kwa bei nzuri na akapata vibarua wengi. Aliyepoteza zaidi ni kibarua wa mashambani. Wakimbizi walikuwa tayari kulima kwa ujira mdogo, kwa hiyo mwenyeji aliyeishi kwa jembe la kukodiwa alikuta ujira umeshuka huku bei ya chakula ikipanda. Mtu huyo alibanwa pande zote mbili.

Kuna faida nyingine iliyobaki hata baada ya kambi kufungwa, nayo ni barabara. Utafiti wa Maystadt na Gilles Duranton, uliochapishwa mwaka 2019, ulieleza kuwa ustawi wa wenyeji wa eneo hilo uliendelea kuwa bora miaka mingi baada ya wakimbizi kuondoka, na sababu kubwa ilikuwa kupungua kwa gharama za usafirishaji kutokana na barabara zilizojengwa.

Muleba haikuwa na kambi kubwa kama za Ngara. Lakini ukweli ule ni wake pia: kinachomsaidia mkulima ni mnunuzi na njia ya kumfikia, na mnunuzi huyo akibeba fedha badala ya debe la mahindi, biashara inakuwa nyepesi zaidi.

Fedha zilipojaribiwa

Mfano wa karibu uko Rwanda. Mwaka 2016 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha utafiti wa J. Edward Taylor na wenzake kuhusu kambi tatu za wakimbizi kutoka Kongo. Katika kambi mbili, wakimbizi walipewa fedha. Katika ya tatu, walipewa chakula. Watafiti walipima mzunguko wa fedha hadi umbali wa kilometa kumi kutoka kambini.

Matokeo yalikuwa haya. Kila mkimbizi mtu mzima anayepata fedha aliongeza kipato halisi cha eneo kwa dola 205 hadi 253 za Marekani kwa mwaka, wakati msaada aliopewa yeye ulikuwa dola 120 hadi 126. Kwa lugha ya sokoni, dola moja iliyotolewa ilizaa karibu mbili kabla ya kuondoka eneo hilo. Mkimbizi alinunua viazi, muuza viazi akamlipa fundi cherehani, fundi akanunua maziwa kwa mfugaji. Chakula cha gunia kilizaa kidogo zaidi, kwa sababu safari yake inaishia sufuriani.

Nchini Kenya, katika kambi ya Kakuma, WFP ilianzisha mwaka 2015 mpango ulioitwa Bamba Chakula. Mkimbizi alipokea salio kwenye simu na kulitumia kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, wakimbizi na wenyeji. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lilitoa ripoti iliyoikadiria Kakuma kuwa soko la takribani dola milioni 56 kwa mwaka, lenye biashara zaidi ya 2,000. Lilikuwa eneo kame ambalo wengi waliliona kuwa mzigo mtupu.

Uganda, ambako mkimbizi hupewa kipande cha ardhi na ruhusa ya kufanya kazi, WFP ilianza kutoa fedha mwaka 2014 kwa baadhi ya makazi. Huko mkimbizi ni mnunuzi na pia ni mkulima anayeleta mahindi yake sokoni. Uturuki nayo, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016, ilitumia kadi maalumu kuwafikishia fedha wakimbizi waliokuja kuzidi milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Syria.

Tanzania nayo ilijaribu. Desemba 2016 WFP ilianza kutoa fedha katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kambi iliyokuwa na zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo na Burundi. Mpango ulianza na wakimbizi 10,000 na baadaye ukapanuliwa kuwafikia 80,000. Agosti 2017 Serikali iliusimamisha, na wakimbizi wakarudi kwenye mgawo wa chakula. Mchuuzi wa Kasulu aliyekuwa ameongeza shehena ya duka lake kwa kutegemea siku za malipo alilazimika kupiga hesabu upya.

Hoja za upande wa pili

Ingekuwa kosa kudhani kuwa wanaopinga fedha hawana hoja. Hoja ya kwanza ni ya haki: kwa nini mgeni apewe fedha wakati mwenyeji maskini anatazama? Swali hilo lina uzito, hasa kijijini ambako mjane na kibarua wanaishi kwa shida kuliko baadhi ya waliomo kambini. Lakini jibu lake si kumnyima mmoja. Tanzania yenyewe, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), imekuwa ikitoa ruzuku ya fedha kwa kaya maskini, na awamu ya tatu iliyoanza mwaka 2012 ilizifikia kaya zaidi ya milioni moja. Njia hiyo, kwa hiyo, haikuletwa na wageni. Mipango miwili inaweza kwenda sambamba, na kila mradi wa fedha kwa wakimbizi unapaswa kutenga fungu kwa kaya maskini za jirani.

Hoja ya pili ni usalama. Fedha huvuta wezi, na zinaweza kunywewa au kuchezewa kamari. Hata hivyo gunia nalo huibwa, na ghala nalo huvunjwa. Malipo kwa simu hupunguza hatari, ingawa huleta shida zake: mtandao hafifu, wakala asiye na fedha za kutosha, na mtu asiyejua kusoma anayempa mwingine namba yake ya siri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote kwa mfanyabiashara, nayo ni soko lenyewe. Fedha hazizai chakula. Zikimwagwa mahali ambapo barabara zimefungwa, mavuno yameharibika au wafanyabiashara ni wachache waliokubaliana bei, kitakachopanda ni bei tu. Mashariki ya Kongo, ambako vita vimewahamisha watu mara nyingi, UNICEF na washirika wake walitumia kwanza vocha na magulio maalumu ambamo wachuuzi walialikwa kuleta bidhaa kwa siku iliyopangwa, na baadaye fedha taslimu mahali soko liliporuhusu. Utaratibu huo una busara: soko linapimwa kwanza, ndipo inaamuliwa kama ni fedha, vocha au gunia. Katika wiki za mwanzo za maafa, mtu aliyefika hana sufuria wala mahali pa kulala, gunia na blanketi bado havina mbadala.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na taratibu zilizoifuata ziliweka masharti makali ya kutoka kambini, na kwa miaka mingi mpaka uliotajwa ulikuwa kilometa nne. Mahali ambapo mkimbizi hawezi kulifikia soko, na mkulima haruhusiwi kulipeleka soko kambini, fedha hukosa pa kwenda. Soko la pamoja, lenye siku maalumu na ulinzi, lazima litangulie.

Mkulima na mchuuzi wajiandae vipi

Hakuna anayejua lini Kagera itapokea tena watu wengi kwa mpigo. Lakini mkoa huu hauwezi kusema kuwa mambo hayo ni ya wengine. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia kaskazini ya Mto Kagera, maelfu ya familia za Watanzania zilikimbilia kusini ya mto huo zikiwa hazina kitu. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliwaacha maelfu ya wakazi wa mkoa bila nyumba. Aliyekuwa mwenyeji jana anaweza kuwa mhitaji leo, na swali la gunia au fedha likawa lake mwenyewe.

Kwa mkulima, jambo la kwanza ni kuuza kwa wingi na kwa pamoja. Mnunuzi wa kambi au wa mradi wa vocha hatafuti mikungu mitatu, anatafuta lori. Kikundi au chama cha msingi kinachoweza kukusanya maharage ya wanachama, kuyachambua na kuyapima kwa mizani badala ya lumbesa, kitaitwa kabla ya mkulima mmoja mmoja.

Pili ni kuhifadhi. Maharage yaliyokaushwa vizuri na kufungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa husubiri bei bila kuliwa na wadudu. Ndizi hazisubiri, kwa hiyo zinahitaji mipango ya usafiri kabla ya kukatwa. Aidha, tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, biashara ya ndizi ina sharti lake: mikungu isafirishwe bila kufungwa kwa majani ya migomba, na panga lisafishwe baada ya kila shina. Anayekimbilia soko la mbali na kurudi na ugonjwa kwenye kibanja atakuwa amekula mtaji.

Tatu ni tahadhari ya mkopo. Benaco ilikuwa mji mwaka 1994, na mwishoni mwa 1996 ikawa pori. Malipo ya Nyarugusu yalisimama ndani ya mwaka mmoja. Mchuuzi anaweza kufaidika na siku ya malipo, lakini asijenge ghala kwa mkopo wa miaka mitano akitegemea mradi unaoweza kukoma kwa barua moja. Bidhaa zinazozunguka haraka, kama chumvi, sabuni, dagaa, mafuta na nyanya, zina hatari ndogo kuliko zile zinazolala rafuni. Wakala wa fedha kwa simu naye ajue kuwa siku ya malipo anahitaji fedha taslimu nyingi kuliko kawaida, la sivyo wateja watakwenda kwa mwenzake.

Nne ni sauti. Kabla ya kuamua kati ya fedha na magunia, mashirika hupeleka watu kuchunguza bei, wingi wa bidhaa na idadi ya wafanyabiashara. Mara nyingi wachunguzi hao huishia kwenye maduka ya makao makuu ya wilaya. Halmashauri, vyama vya ushirika na viongozi wa kata wanapaswa kuwa na takwimu zao tayari: kata inavuna maharage kiasi gani, msimu gani, na lori linafika au halifiki wakati wa mvua.

Na kibarua asisahaulike, kwa maana uzoefu wa 1994 unaonyesha kuwa yeye ndiye hulipa gharama ya neema ya wengine. Mradi wowote unaoleta wanunuzi wapya bila kulinda ujira wake, au bila kumwingiza kwenye ruzuku, unamtajirisha jirani yake na kumpandishia yeye bei ya mlo.

Mzee wa Buganguzi aliyewahi kuuza kahawa ikiwa maua anajua kuwa mwenye shida akikosa fedha kwa wakati hupoteza hata kile kidogo alicho nacho. Mkimbizi akipewa fedha kwa wakati, gunia lake haliuzwi kwa bei ya kutupa, na mkungu wa ndizi wa jirani unapata mnunuzi. Ila fedha hiyo itamkuta mkulima sokoni ikiwa tu barabara inapitika, mizani ni ya haki, na yeye mwenyewe ana kitu cha kuuza.